Kadi Itieni Chai, Tarehe Iacheni



Kila Idi inapokaribia hunijia swali lile lile kutoka kwa vijana wetu wa Uingereza, wa Dubai na wa hapa Maskati: vipi mtu atengeneze kadi ya mkono yenye sura ya kizamani, karatasi yake ya hudhurungi, muhuri wake wa jahazi, wino wake kama uliofifia? Swali hili hunifurahisha. Tumekwisha kuzoea kutumiana zile picha za simu zenye mwezi na fanusi zinazometameta, picha moja ikapita mikono mia kabla ya kunifikia, na wala sijui nani aliyeianzisha. Kijana anayekaa chini akakata karatasi, akachonga raba na kuchafua vidole kwa wino, amenipa saa kadhaa za umri wake. Mwaka huu basi nitaeleza ninavyofanya. Lakini liko jambo lazima litangulie, na halinipendezi kulisema, kwa kuwa aliyekosa ni mimi.

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea marehemu shangazi yangu kadi ya Idi. Alikuwa akikaa Uingereza kwa binti yake, macho yamepungua nuru, na kumbukumbu zake zinajaa na kupwa. Nilitaka kumpelekea kitu kitakachomnukia Unguja. Nikachukua karatasi nene ya rangimaji, nikaipaka chai ya rangi iliyokolea, nikaikausha baina ya vitabu, na kingo zake nikazipitishia sifongo lenye wino wa hudhurungi. Nikachonga juu ya raba nakshi ya yungiyungi niliyoiiga kutoka picha ya mlango wa nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Kisha nikaenda kwa fundi wa mihuri Ruwi, mmoja wa wale wanaochonga mihuri ya makampuni, nikamwomba anifanyie muhuri wa duara mfano wa ule wa posta, ZANZIBAR juu na tarehe katikati. Tarehe niliichagua kwa makusudi: Februari 1963, mwezi wa Idi ya Fitri ya mwisho kabla ya mapinduzi ya Januari 1964. Niliiona ni tarehe yenye haiba.

Hayo yangesameheka. Ila nilizidisha. Shangazi, kama wengi wa rika lake waliotangulia chuoni kabla ya skuli, alisoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa wepesi kuliko cha herufi za Kirumi. Nami nilikuwa na barua moja ya ami yangu, kaka yake shangazi, aliyomwandikia mama yao kutoka Pemba wakati wa msimu wa karafuu. Hati yake ilikuwa ya kupendeza mno, hati ya mtu aliyekwisha suhubiana na kalamu. Niliifanyia mazoezi siku nyingi mpaka mkono wangu ukaizoea, nikaandika ndani ya kadi maneno machache tu: Idi njema, nawakumbuka nyote, tusameheane. Jina sikutia. Niliona jina langu na mwaka wetu huu vingeiharibu sura ya kale.

Ami yangu ndiye aliyebaki Unguja familia ilipotoka mwaka 1964. Barua yake haikuja tena. Ilikuja habari ya kufa kwake, miaka mingi baadaye, kwa kinywa cha msafiri.

Nadhani mmekwisha kufahamu yaliyofuata. Siku ya pili ya Idi binamu yangu alinipigia simu, sauti haimtoki. Bahasha yenye stempu za Oman ilikuwa imetupwa tangu asubuhi ya jana yake. Shangazi aliifungua kadi, akaisogeza karibu na macho, akaisoma, akaiweka kifuani na kusema, "Alhamdulillahi. Kumbe aliandika." Hakuna mtu nyumbani mle aliyekuwa na moyo wa kumwambia kitu. Kadi ililala chini ya mto wake mpaka siku alipofariki.

Binamu yangu hata leo husema kuwa nilimpa mama yake zawadi ambayo hakuna mwingine angeweza kumpa. Tumelijadili jambo hili mara nyingi, kwa simu na uso kwa uso, na hatujaafikiana. Yeye alikuwapo, mimi sikuwapo. Aliuona uso wa mama yake siku ile, na ushahidi wake naupa uzito. Lakini yeye huyo huyo ndiye aliyenisimulia kwamba katika wiki zilizofuata shangazi alikuwa akiamka usiku akiuliza, "Amenikosea nini hata anitake radhi?" Neno hilo la kusameheana sisi sote hulisema kila Idi kama tunavyosema karibu na ahsante. Likitoka kwa mtu aliyenyamaza zaidi ya miaka 50, halibaki neno la mazoea tena. Shangazi alikwenda kaburini akitafuta kosa la kaka yake ambalo mimi ndiye niliyelitunga, kwa wino wa dukani, nikiwa nimekaa kwenye meza ya chakula.

Wala mambo hayakuishia hapo. Baada ya matanga, kijana mmoja wa ukoo wetu mwenye bidii ya kukusanya mambo ya kale, na bidii yake naishukuru, aliipiga picha ile kadi pamoja na vitu vingine vya shangazi akaituma kwa jamaa wote. Chini yake aliandika kuwa ni barua ya mwisho ya babu kutoka Zanzibar, Februari 1963. Kabla wiki haijatimia, nyumba moja ya Dubai ilikuwa imekwisha kuichapisha na kuitia fremu ukutani. Niliandika maelezo marefu ya kukiri. Wapo walioyasoma. Wapo waliotuma alama ya moyo bila ya kuyasoma, na nina hakika wapo ambao hata sasa wanaamini kuwa ami aliandika kadi ile, kwa kuwa picha husafiri na maelezo hubaki nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Kadi yenye sura ya kale ni sanaa nzuri na naipenda. Kadi yenye tarehe ya kale ni jambo jingine. Ya kwanza inasema: naupenda wakati ule. Ya pili inasema: mimi ni wa wakati ule. Katika familia nyingine za dunia huenda tofauti hiyo ikawa ndogo. Mwingereza akighushi kwa mchezo kadi ya enzi ya Malkia Victoria, zipo kadi za kweli tele katika makumbusho na maktaba zao, na ya mchezo haitaharibu hesabu. Sisi hatuna wingi huo. Wazee wetu walitoka kwa haraka. Walichukua msahafu, dhahabu iliyoshonwa ndani ya nguo, pengine kanga mbili tatu, na picha wakaziacha ukutani. Nyumbani kwetu, katika sanduku la njumu lililofika Maskati baada ya mwaka 1970, vijana wa Oman walipoitwa kurudi, karatasi za Unguja zilizomo ni 11. Nimezihesabu. Ukitia ya kughushi moja miongoni mwa 11, umeharibu sehemu kubwa ya historia yetu kuliko panya na mchwa.

Nimeambiwa, "Ni mapambo tu, kila mtu anajua." Anajua nani? Wewe uliyetengeneza unajua. Mtoto atakayelifungua sanduku miaka 60 baada yako hajui. Isitoshe, kadi iliyopakwa chai haibaki ilivyo. Chai ina uchachu wake, na uchachu huo huila karatasi polepole. Kadi yako itakauka na kusawijika, nayo itakuwa kongwe kwa kweli kabla ya wakati wake. Hila uliyoifanya kwa mchezo, miaka itaikamilisha.

Ipo stempu ya barua ninayoiweka mbele yangu ninapofanya kazi hii. (Kiswahili kimetufaa hapa: muhuri ni muhuri, stempu ni stempu. Wajukuu zetu wa Uingereza wana neno moja tu kwa vyote viwili, na hunichekesha wanapouliza kama ile ya posta nayo huchovywa kwenye wino.) Ni stempu ya Zanzibar ya toleo la mwaka 1961, yenye sura ya Sultani Abdulla bin Khalifa. Serikali mpya ilipoingia Januari 1964 haikuwa na stempu zake. Watu wa posta walichukua zile zile zilizokuwamo, wakazigonga kwa mkono muhuri wa maneno JAMHURI 1964, juu ya sura ya Sultani. Baadaye yalikuja maneno hayo yaliyopigwa chapa kwa mashine, lakini yangu ni ya mkono, imekwenda upande kidogo, na herufi moja wino wake umejaa mno.

Nyumbani kwetu muhuri ule haukupendwa, na sitajidai kuwa mimi naupenda. Bibi yangu alikuwa hataki hata kuitazama stempu hii. Lakini kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyouona uaminifu wake. Hakuna aliyejaribu kukusadikisha kuwa stempu hii ilizaliwa 1964, wala kuwa mapinduzi yalikuwapo 1961. Wakati mmoja umekaa juu ya mwingine, na vyote viwili vinasomeka: aliyekuwapo, aliyekuja, na mwaka aliokuja. Mwenye kugonga muhuri ule, hata awe alikuwa na nia gani moyoni, aliandika tarehe yake mwenyewe. Mimi, kwa mapenzi yangu yote kwa shangazi, sikufanya hivyo.

Nikiwa bado katika jambo hili, niseme na kuhusu picha. Katika intaneti zimejaa postikadi za Unguja za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi zikitoka katika studio za wapigapicha wa Kigoa kama ile ya A. C. Gomes. Vijana huzichapisha, wakazikata, wakazizungushia maua na vipande vya lesi. Milango, bandari, karafuu zikianikwa: sawa. Lakini zimo pia picha za wanawake, wamesimama au wamekaa na kanga zao, na chini yake limeandikwa kabila au kazi, jina halipo. Postikadi hizo ziliuzwa kwa wageni wapitao njia. Mwanamke yule alikuwa na jina na alikuwa na kwao, na huenda alizaliwa utumwani katika nyumba mfano wa zetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897. Sisi wa koo za Kiarabu ndio wa mwanzo wanaopasa kulikumbuka hilo. Kumkata mtu huyo, kumbandika kati ya mawaridi na kumwandikia "Idi Mubarak" kana kwamba ni bibi yetu anayetusalimu, mimi siliwezi. Ukiwa na picha ya bibi yako mwenyewe, iwe ya studio au ya mlangoni kwake, na jina lake unalijua, hiyo itie, na jina liandike.

Sasa kazi yenyewe.

Karatasi iwe ya rangimaji, ya gramu 300 kwa mita mraba. Nyembamba hujikunja ikipata maji. Chemsha majani ya chai mpaka yawe machungu, yapoze, kisha paka kwa brashi pana upande mmoja, ngoja ikauke, ndipo ugeuze. Ukitaka mistari ya mikunjo, ikunje kabla ya kupaka, kwa kuwa chai hukaa zaidi mahali nyuzi za karatasi zilipovunjika. Matone machache ya chai iliyokolea zaidi, yakiachwa yakauke yenyewe, hutoa duara zenye kingo nyeusi. Rangi ya kahawa mimi siipendi. Ikikauka, ipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa. Na tafadhali kadi hizi msizihifadhi pamoja na picha za kweli za wazee. Uchachu ule niliousema huambukiza jirani.

Wino wa mihuri uko wa namna mbili kubwa. Wa kwanza ni mwepesi, huingia ndani ya karatasi, hukauka upesi, na mwanga wa jua huufifisha. Wa pili ni mzito, una chembechembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi. Huchelewa kukauka, ukiharakisha utaupaka mkono mzima, lakini hudumu. Kwa nakshi hutumia wa kwanza, kwa sababu kufifia ndiko nikutakako. Tena iko aina yake inayotawanyika ukinyunyizia maji, na hiyo ndiyo inayofaa kwa kingo. Kwa maandishi hutumia wa pili, au wino wa kalamu wenye masizi. Mafundi wetu wa kunakili misahafu waliujua wino wa masizi na gundi, na masizi hayafifii. Wengine wenu mmeuliza juu ya wino wa zafarani, kwa kuwa mmewaona wazee wakiandikia kombe katika sahani nyeupe. Zafarani na maji ya waridi hutoa manjano ya kupendeza na harufu ya nyumbani, ila kwenye karatasi haiishi; mwanga huila. Wino wa kombe uliandikwa ili uoshwe unywewe, haukuandikwa ili ukae.

Muhuri si lazima ununue. Seti zile zinazouzwa za Zanzibar, jahazi, mnazi na kikonyo cha karafuu, ni zile zile kwa kila mtu, na jahazi lenyewe mara nyingi limefungwa tanga ambalo nahodha wa kwetu asingelitambua. Chukua raba kubwa nyeupe ya skuli. Chora nakshi kwa penseli juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, hata ile ya kuokea mikate hufaa; igeuze, uso ukutane na raba, kisha sugua kwa ukucha. Mchoro utahamia kinyume, na ukigonga utatoka sawasawa. Chonga kwa wembe au patasi ndogo, ukiondoa palipo wazi na kuacha palipo na mstari. Milango yetu imejaa mifano: mnyororo, samaki, yungiyungi, mtende. Wenye kuandika kwa herufi za Kiarabu hasa wasisahau kugeuza. Mimi muhuri wangu wa kwanza wa "Idi Mubarak" nilichonga kwa siku mbili nzima, nikagonga kwa furaha, ukasomeka kutoka kushoto. Kwa watoto wadogo, mbatata iliyokatwa nusu yatosha, nao watafurahi zaidi.

Ndani, andikeni Kiswahili. Mwenye kuziweza herufi za Kiarabu aziandike, maana wanaozisoma wanaondoka mmoja mmoja. Lakini hati iwe yako. Hati ya marehemu jifunze, ifuate, ipende, kisha iache igeuke kuwa yako, kama mtoto anavyorithi mwendo wa baba yake bila ya kuvaa viatu vyake. Nyuma ya kadi, kwa ule wino usiofifia, tia jina lako, mji ulimo, na mwaka, wa Hijria na wa Miladia. Najua litaonekana kama kovu juu ya uso mzuri. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivyo mkono ulisita, kama unavyosita mtu anapotia sahihi juu ya karatasi asiyoielewa. Mwaka wa pili haukusita.

Ule muhuri wa duara wa Ruwi ningali ninao. Nilimrudishia fundi, akanitolea tarehe ile na kuacha katikati patupu, ili niandike tarehe ya kweli kwa kalamu kila nitumapo. Alishangaa kidogo kuona mtu anayelipa pesa ili kuondolewa kitu.

Imebaki kadi ya shangazi. Kwa muda mrefu binamu yangu alikataa kuitoa, na haki ilikuwa yake. Ilikuwa kitu cha mwisho alichokishika mama yake. Mwezi uliopita ameniletea, kwa mkono wa mwanawe aliyekuja Maskati kwa likizo, nayo imefungwa katika kitambaa chake shangazi cha kuswalia. Ameniwekea sharti mbili: nisiandike chochote upande wa mbele, na nikimaliza nimrudishie. Nimechonga muhuri mdogo, jina langu na mwaka nilioitengeneza, mistari miwili tu. Nimeujaribu mara nyingi juu ya karatasi tupu na unatoka vizuri. Kadi iko hapa mezani, imelala kifudifudi. Katika kona moja ya nyuma kuna alama ya kidole, ya mafuta, nadhani ni ya halua, na natafuta mahali pa kugonga ambapo sitaifunika.